Maneno Niliyoyaongeza Kwenye Shilingi

Mwanangu Yonazi,

Kwanza shikamoo, Baba. Hiyo ndiyo shikamoo pekee utakayoipata katika barua hii. Kuanzia mstari unaofuata mimi ni mama yako, kama ulivyoniita tangu siku niliyozaliwa, na mama hamwamkii mwanawe. Ukiona ajabu kuandikiwa hivi na mtoto wa kidato cha nne, kumbuka aliyeyataka ni wewe. Ungeniita Neema kama alivyotaka mama, ungepona. Ulinipa jina la mama yako, Raheli, na jina likaja na kazi zake.

Naandika kwenye meza ya jikoni, saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Vuga kumuaga shangazi yako. Mama yuko shambani anakuchimbia viazi vya kubeba. Nimemwambia Dar es Salaam viazi vimejaa, akanijibu, "Mama mkwe, hivyo vya Dar vimetoka hapa hapa, ila vimechoka njiani." Begi lako liko mlangoni tangu juzi. Kila anayeingia analiruka. Mimi leo nimeliruka mara nne, na kila nikiliruka moyo nao unaruka, maana siamini bado. Wewe! Fundi mwashi wa huku juu Lushoto, mwenye saruji kwenye kucha, kesho unapanda basi kwenda kukaa mwaka mzima kwenye nyumba ya makumbusho, na kazi yako itakuwa kusimama mbele ya watoto wa shule na kuwaambia habari za sarafu. Nimewaambia wenzangu wawili darasani. Kwa mimi, unajua, hilo ni tangazo la redio.

Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha sitayagusa, mama atakuambia mpaka utake kushuka kwenye basi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka mitatu, na kesho asubuhi halina pa kukaa tena.

Lakini niache nianzie nyuma kidogo, kwenye ile hela ya tundu.

Sijui nilikuwa na miaka mingapi. Ulikuwa unachimba msingi wa jiko la jirani, ukarudi nyumbani na kitu kidogo cheusi kama kifungo cha koti. Ukakitemea mate, ukakisugua kwenye suruali, ukaniita mama kwa kilugha chetu. "Mame, njoo uone." Ulinionyesha taji juu yake, na tundu katikati, ukaniambia Wajerumani waliileta na jina lake kwao, na babu zetu wakalitamka walivyoweza, ndiyo maana mpaka leo mtu akiishiwa anasema hana hela. Mimi sikusikiliza. Niliweka jicho kwenye tundu nikakuona wewe, mdogo, umezungushiwa hela, unacheka. Nadhani ndiyo siku niliyokupenda kwa kujua kwamba nakupenda.

Baada ya hiyo ukawa huponi. Kila msingi uliochimba, kila mama aliyelima tuta la mahindi akagonga kitu, sarafu ilikuja kwako. Bibi mmoja wa Gare alikupa hela aliyovishwa shingoni alipokuwa mchanga. Ukatengeneza ule ubao, ukatoboa vitundu, ukazishona sarafu kwa uzi wa kushonea viatu, ya zamani kabisa kushoto, ya juzijuzi kulia. Siku za soko ukawa unauegemeza kwenye ukuta karibu na wauza matunda ya plamsi. Watu wakikutania, "Yonazi, siku hizi unauza hela kwa hela?" Wewe ulikuwa unawajibu, "Siuzi, nasomesha. Karo ni masikio."

Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya ndoo za plamsi ili nisionekane. Lakini nilikuwa nasikiliza kila neno, mwanangu. Naweza kuyasema yote kwa sauti yako.

Ulikuwa unasema, mtawala akitaka kukuambia kitu kila siku bila kupiga kelele, anakiandika kwenye sarafu. Huwezi kuikataa kwa sababu unataka chumvi. Halafu unaanza kushoto. Ile ya kahawia, nzito, yenye tai upande mmoja na herufi za Kiarabu upande wa pili. Ulizunguka nayo mwezi mzima mpaka mwalimu wa madrasa pale mjini alipokusomea, akakuambia si dua wala aya, ni jina la kampuni ya Wajerumani, limeandikwa kwa Kiarabu ili watu wa pwani waweze kulisoma. Ulirudi nyumbani unacheka peke yako njiani. "Kampuni, mame! Kumbe tulianza kutawaliwa na duka!"

Kisha hela zenye taji. Kisha shilingi za Mwingereza zenye simba amesimama, milima nyuma yake, na kichwa cha mfalme upande wa pili kimezungukwa na maneno ambayo hakuna mtu sokoni aliyeyajua. Ulikuwa nazo mbili za mfalme mmoja, umezishona zikigusana, unaziita pacha. Halafu ulikuwa unaruka mpaka kulia, kwenye ile shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, na hapo sauti yako ilikuwa inabadilika, kwa sababu hapo ndipo anapoingia bibi Raheli. Yaani mimi.

Hadithi hiyo naipenda kuliko zote. Jinsi mama yako alivyokwenda kwenye kisomo cha watu wazima, usiku amechoka, ananuka moshi, anakosea herufi na kuchekwa na jirani. Na jinsi siku moja alivyokutuma chumvi, akakunyooshea shilingi, kisha akaurudisha mkono. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akasoma kwa kidole: Rais wa Kwanza. Akageuza. Shilingi Moja. Ulisubiri sana mpaka ukafikiri amekasirika. Halafu akakuambia, "Yonazi, hela imesema na mimi." Wewe ulikuwa mtoto, ulichotaka ni kukimbia dukani. Ila ulipokuwa mkubwa ukaelewa kwamba hela zote za kabla ya hiyo zilipita mikononi mwa wazee wetu zikinena juu ya vichwa vyao, kwa Kijerumani, kwa Kiarabu, kwa Kizungu, na hiyo moja ilikaa chini ikazungumza na mwanamke aliyetoka kupalilia maharage.

Sasa ile ya katikati. Ile ya mfalme. Naona mkono wangu umeanza kuandika polepole.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza ya kidato cha kwanza. Niliingia na sketi mpya ya shule, nyumba imejaa. Baba mkubwa alikuwepo, majirani walikuwepo, Mwalimu Petro alikuwepo na miche yake ya parachichi mlangoni maana alikuwa ametoka kuuza. Kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu. Wote walikuwa wananitazama kama mtu aliyerudi kutoka Ulaya, na mimi, unanijua, nikitazamwa na watu watatu ulimi unakauka. Ukaleta ubao. Ukaweka kidole kwenye shilingi ya mfalme, ile ya kwanza katika pacha, ukasema mbele ya watu wote, "Mame, sasa umesoma Kizungu. Nisomee hapa."

Nilitazama. Niliona REX ET IND IMP. Baba, mimi wakati huo Kiingereza changu chote kilikuwa salamu, jina langu na madai kwamba paka yuko juu ya mkeka. Tulikuwa tumetoka miaka saba ya Kiswahili kila somo, tukaingia darasa ambalo hata hesabu zilisemwa kwa Kiingereza, na mimi muhula mzima nilikuwa nakaa nyuma nikinakili ubaoni vitu nisivyovielewa. Na hayo maneno wala hayakuwa Kiingereza. Hilo pia sikulijua. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba watu wote wamenyamaza, na kwamba nikisema sijui, utaona aibu, na karo uliyolipa kwa kupanga matofali itakuwa imekaa pale mezani inanitazama.

Nikageuza ule ubao kidogo, nikaona simba, nikaona milima nyuma yake. Nikasema, "Inasema, Mfalme na Milima Yake."

Nilitaka tu mkono wako uondoke pale. Nilifikiri utasema haya, tutakunywa chai.

Ulikaa chini. Ulikaa kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa. Baba mkubwa akasema, "Milima yake? Aliinunua kwa nani?" Watu wakacheka, lakini wewe hukucheka. Ulisema polepole, na hayo maneno yananifuata mpaka leo: "Kwa hiyo aliandika milima yetu ni yake, akatupa tuibebe mfukoni, na sisi tukaibeba."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mimi nilipewa kiazi kikubwa kuliko vyote.

Hivyo ndivyo nilivyokudanganya, mwanangu. Sikupanga, na sikupata faida zaidi ya hicho kiazi, na sikuweza kukimaliza.

Ungelisahau, ningepona. Lakini ulilichukua ukalifanya nguzo ya kati. Kila siku ya soko, watu walikuwa wanangoja ufike kwenye mfalme na milima yake. Ulikuwa unanyoosha mkono kuelekea Magamba, huko juu kwenye ukungu, unasema, "Hiyo. Hiyo hapo. Ilikuwa kwenye hela yake." Niliona wanaume wazima wakigeuka kutazama mlima wanaoupita kila siku. Mzee mmoja alivua kofia. Na mimi nyuma ya ndoo za plamsi nilikuwa natamani ardhi inimeze, na wakati huo huo, nikiri kila kitu, nilikuwa najivuna. Uongo wangu ulikuwa umependeza kuliko kweli yoyote niliyowahi kuisema.

Halafu Mwalimu Petro. Unakumbuka alivyokuvuta pembeni, kwa heshima, akakuuliza, "Yonazi, una uhakika na hayo maneno?" Alikuwa rafiki yako wa miaka yote, mlikuwa mnakaa pamoja, wewe na ubao, yeye na miche. Ungeweza kumwambia utauliza. Ulimjibu, "Mama yangu hanidanganyi." Akasema basi, amekusikia. Na soko lililofuata ukauhamishia ubao ule upande wa pili, kwa wauza vyungu, na mpaka leo mnasalimiana kwa mbali kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

Hilo ni langu. Wewe unafikiri ni lenu wawili. Ni langu peke yangu.

Nilikuwa na nafasi nyingine ya kusema, nzuri kabisa, na nikaitupa. Siku ile alipokuja yule mama wa makumbusho, mwenye miwani ya kamba shingoni. Alikuja kununua plamsi, akasikia habari za duka lililotutawala, akasahau plamsi. Alisimama mpaka mwisho. Alicheka mahali pa kucheka. Ulipofika kwa bibi Raheli akafuta macho, nilimwona. Alipokuuliza nani alikusomea maneno ya shilingi ya mfalme, ulinitoa nyuma ya ndoo kwa mkono, ukasema, "Huyu hapa. Mama yangu." Akacheka, akanipa mkono, akauliza ninasoma wapi. Mkono wake ulikuwa wa joto. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilisema, "Asante."

Akaandika kwenye kijitabu chake. Miezi ikapita, ikaja barua, na wewe ukaisoma mara tatu kwa sauti, na mama akapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Na kwenye barua, mstari wa tatu kutoka chini, wanasema Jumatatu utafungua kazi mbele ya wanafunzi na walimu wao, na kwamba wangependa uanze na mfalme na milima yake.

Kila mtu alikuwa anaruka. Mimi nilikwenda nje nikawasukia kuku kiota kisichohitajika.

Unaona sasa? Utasimama kule, umevaa koti la baba mkubwa, na kwenye viti atakuwepo mtu anayejua. Kwenye nyumba kama hiyo hakosi. Atanyoosha mkono kwa upole. Utamjibu kama ulivyomjibu Mwalimu Petro, kwa sababu ndivyo ulivyo. Na safari hii hakutakuwa na upande wa wauza vyungu wa kuhamia. Nimekuona hivyo ndotoni mara nyingi mpaka nikaogopa kulala.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita sikwenda kusoma kwa akina Ester. Nilikuambia uongo wa pili, nao naukiri hapa ili tumalizane. Nilichomoa ile pacha, zote mbili, nikaufunga uzi vizuri usione, nikaenda Gare kwa miguu. Siku hizi najua yale maneno ni Kilatini, na kuna sista mzee sana pale misheni, aliyekiimba tangu akiwa msichana. Nilimkuta anapepeta maharage. Nilimwamkia, nikakaa, naye akanipa ungo wa pili nami nipepete. Tulipofika nusu ya debe nikazitoa shilingi.

Alizisogeza karibu na pua. Akasoma kama mtu anayesoma jina la mtoto wake. Rex, mfalme. Et, na. Ind, ni India, wameikata. Imp, nayo wameikata, ni mtawala aliye juu ya watawala. Akaweka mkono magotini. "Mfalme, na Mtawala Mkuu wa India. Ndiyo hivyo tu, mwanangu."

Nikauliza, milima? Akageuza, akatazama simba na milima yake, akasema milima imechorwa lakini hakuna aliyeiandika.

Nikamwonyesha ya pili. Hapo ndipo alipokunja uso. Akasema, "Hii haina India." Akaipeleka dirishani. Mfalme yule yule, jina lile lile, Rex, basi. Hakujua kwa nini. Mimi pia sikujua, ila nilikumbuka vile unavyosema sokoni ukifika kwenye pacha. Huwa unasema ya pili ina maneno machache, na watu wakiuliza sababu, unasema, "Fundi alichoka siku hiyo. Hata mimi huchoka." Wanacheka, unaendelea.

Nilirudi kutoka Gare nakimbia. Mimi, ambaye sikimbii hata mvua. Sikuja nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Petro. Alikuwa anamwagilia miche. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia kiazi mpaka sista, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, alijua haikuwa milima, ila hakujua ilikuwa nini, na wewe ulikuwa na furaha mno, akaona aiache. Halafu akataka kuona miaka iliyochorwa kwenye shilingi. Akaisoma ya kwanza. Akaisoma ya pili. Akaweka kopo la maji chini.

Mwanangu, keti sasa kama umesimama.

Kati ya mwaka wa shilingi ya kwanza na mwaka wa shilingi ya pili, India ilipata uhuru. Mfalme hakuwa tena mtawala wao. Hakuweza kuendelea kujiita hivyo, hata kwenye hela za mbali kabisa, hata kwenye hela ya kununulia chumvi Lushoto. Fundi hakuchoka. Fundi aliambiwa afute.

Umeelewa? Mimi nilipoelewa nilicheka peke yangu, na Mwalimu Petro akacheka, na tukawa tunacheka wawili kati ya miparachichi kama watu waliookota kitu njiani. Kwa sababu fikiri. Siku moja mtu wa hapa, labda babu yako, aliuza kabichi zake sokoni, akalipwa kwa shilingi mpya inayong'aa. Alikuwa ameshika mkononi habari kubwa kuliko zote za dunia ile: kwamba mfalme anaweza kupungua. Kwamba maneno aliyojiandikia yanaweza kufutwa na jua likachomoza kesho yake kama kawaida. Akaitia mfukoni, akapanda nayo kilima. Hakuna aliyemsomea. Na angekuwepo wa kumsomea, Baba, nani anajua angesema nini jioni hiyo kwa wenzake? Ikabaki habari imelala kwenye vibubu na chini ya vitanda mpaka wewe ulipoichimba na kuishona kwenye ubao, imegusana na pacha wake, na ukawa umeziweka hivyo kwa macho yako tu, kwa sababu uliona zinataka kuwa pamoja.

Miaka mitatu umekuwa ukiisimulia habari hiyo bila kuijua, na aliyekuzuia kuijua ni mimi. Nilifikiri nakupa kitu kizuri, kumbe nimesimama mlangoni nimekuzibia mwanga.

Kwa hiyo Jumatatu usianze na milima. Anza na pacha. Waache watoto wenyewe watafute tofauti, wapokezane mkononi. Usiwaambie haraka. Kisha uende kwa bibi Raheli na mwenge wake, na utaona, maneno ya bibi yatagonga mara mbili zaidi, kwa sababu watakuwa wametoka kuona hela iliyosema na watu wasioisikia.

Sasa nikuambie nilichojifunza, maana barua ya mama bila hilo utasema haijaisha. Si kingi. Nilikuwa nafikiri mtu mwenye aibu hawezi kuwa mwongo, kwa sababu hasemi. Kumbe aibu ndiyo iliyonisemea siku ile. Ningesema "sijui, nitauliza" ningeona aibu kwa muda wa kumenya kiazi. Badala yake nimeiona aibu hiyo kila siku ya soko kwa miaka mitatu. Kule unakokwenda utaulizwa mambo usiyoyajua, tena na watoto, nao ndio wabaya zaidi. Ukisikia ulimi wako unatafuta jibu la kumridhisha mtu, kumbuka mama yako na kiazi chake, utacheka, na ukicheka itakuwa rahisi kusema hujui.

Na jambo jingine, hili ni la Raheli mtoto. Wewe ulipoamini bila kuuliza kwa sababu mimi ni mama yako, ulinipa mzigo mkubwa kuliko mgongo wangu. Nimelipenda jina hili. Napenda ukiniomba ruhusa ya kusafiri mbele ya watu huku umevua kofia, na mama akinifokea, "Mama mkwe, acha kitabu uoshe vyombo." Lakini bibi Raheli mwenyewe alisoma kwa kidole, na nina hakika alikosea mara nyingi kabla ya siku ya chumvi. Hata yeye ungemuuliza, una uhakika? Niulize na mimi. Sitavunjika.

Mwalimu Petro hana kinyongo. Nilipokuwa naondoka aliniambia, "Mwambie kabla gari halijashuka kwenye kona za Soni. Baada ya hapo si kuungama tena, ni kupiga simu tu." Kesho saa kumi na mbili atakuwa kituoni na mche wa parachichi, eti uupande huko. Nimemwambia joto litauua. Amesema anajua, lakini hawezi kuja mikono mitupu kwa rafiki aliyemkosa miaka miwili.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa niifiche barua hii ndani ya ubao, chini ya kitambaa, uikute ukifika. Nimekwishaupima hata unene. Ungeisoma huko, mimi niko huku, nisingeuona uso wako. Huo ungekuwa ujanja wangu ule ule wa nyuma ya ndoo za plamsi. Na labda ungekasirika, na ungekuwa na haki, na ungekasirika peke yako katika chumba cha ugeni. Mama gani anamfanyia hivyo mwanawe?

Kwa hiyo nitakupa mkononi. Leo, kabla ya chakula, kungali na mwanga. Najua unavyosoma, polepole, midomo ikitembea. Nitasimama hapo hapo mbele yako mpaka umalize, sitaenda kuangalia kuku. Ukifika kwenye kiazi utaniangalia, na mimi nitakuangalia. Ukitaka kuniuliza nitajibu kwa sauti, na nisichokijua nitasema sikijui.

Pacha nimezirudisha mahali pake. Safari hii nimezishona kwa uzi mwekundu, ili usipitwe nazo.

Nenda, mwanangu. Ulipoomba ruhusa mbele ya watu nilisema "haya" nikakimbilia jikoni, na nimeona ulivyosubiri neno jingine. Neno lenyewe ni hili: mama yako amekuruhusu, amekubariki, na anajivuna juu yako kwa jambo la kweli.

Nasikia mtu anagonga matope ya viatu kwenye jiwe la mlangoni. Ni wewe, hakuna mwingine anayegonga mara tatu. Umelikwaa begi. Sasa unaniita, "Mame! Uko wapi?"

Naitika.

Raheli, mama yako